Sitara na Kweli katika Kumkumbuka Mzee

Mzee wa ukoo anapofariki, walio hai hurithi mambo mawili: mali yake, kama alikuwa nayo, na habari zake. Mali hugawanywa kwa mizani ya sheria, na kila mrithi ana fungu linalojulikana. Habari hazina kadhi. Kila mmoja huchukua ayapendayo na kuacha asiyoyapenda, na aghalabu kinachobaki ni sura ya mtu ambaye hakupata kuishi duniani. Je, tendo hili ni heshima au dhuluma?

Na tumtazame Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki Unguja tarehe 17 Aprili 2013. Alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, binti wa muuza nazi. Mwaka wa kuzaliwa kwake haujulikani. Yeye mwenyewe alisema tu kwamba ulikuwa katika zama za rupia. Rupia iliipisha shilingi Unguja mwaka 1936, basi neno lake lilitaja zama, halikutaja hesabu. Hata hivyo wengi walimhesabia miaka mia, na wengine mia na zaidi, kana kwamba maisha marefu hayatoshi kusifiwa mpaka yatiwe nambari.

Hakujaaliwa mtoto. Lakini wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kwa ngoma ya unyago aliwafunda wasichana wa vizazi vingi mambo ya utu uzima na ndoa, na wasiokuwa damu yake wakamhesabu bibi yao. Alipoimba Ngome Kongwe katika Mji Mkongwe, mbele ya wenyeji na wageni, alikuwa mzee wa kisiwa kizima. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, naye akarudi kuwa yule yule.

Bibi huyu alivuta sigara na kunywa pombe, wala hakuficha. Hapa ndipo msifu hutatizika. Dini inatuhimiza kutaja mema ya wafu wetu, na ada inatufundisha kusitiri. Mtu mwema atasema: nyamaza, usije ukamfedhehesha marehemu, wala usiwape vijana kisingizio.

Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Lakini sitara ni amana. Aliyejisitiri katika uhai wake ametuachia siri, na kuifichua ni hiana. Asiyejisitiri hakutuachia siri yo yote ya kulinda. Tukimvika buibui baada ya kifo ambalo hakulichagua alipokuwa hai, hatumsitiri yeye. Twasitiri haya yetu wenyewe. Kunyamaza juu ya aibu ya mtu kwaweza kuwa hisani, lakini kumzulia tabia nyingine ni uwongo, na uwongo hauwi hisani kwa sababu umesemwa kaburini.

Ama vijana, mfano usio na kasoro hauwafai sana. Kijana humtazama mtu asiyepata kujikwaa kama atazamavyo mnara: hustaajabu, kisha huenda zake. Lakini akiambiwa kwamba mwanamke asiye na elimu ya skuli wala mtoto, mwenye mazoea ambayo wengi waliyalaumu, alifanya kazi yake kwa uaminifu mpaka uzeeni, huona njia ambayo miguu yake nayo yaweza kuipita. Tena hujifunza kupambanua: kupenda sauti bila ya kuiga sigara.

Kila nyumba ya Unguja ina bibi wake ambaye dunia haikumsikia. Atakumbukwa kwa mapishi, kwa ukali, kwa dua za alfajiri, na kwa neno moja ambalo mkwe hakulisahau. Warithi wake wasipunguze ukali ili kuongeza utamu, wala wasiongeze miaka ili kuongeza utukufu. Mapenzi yanayohitaji kumbadili mpendwa ndipo yadumu ni mapenzi ya mtu mwingine. Marehemu hawezi kujitetea mbele ya masingizio, wala hawezi kuzikataa sifa zisizo zake. Kwa sababu hiyo, anayemsifu ana wajibu wa kweli sawa na anayemlaumu.