Mbwa Anabaki, Sisi Je?



Huko Sheffield, Uingereza, shirika la Support Dogs hufundisha mbwa wa kukaa na watu wenye kifafa. Mbwa akihisi mwenyewe anakaribia kushikwa, humpa ishara, naye hutafuta mahali salama kabla hajaanguka. Mwaka wa 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rennes, Ufaransa, walionyesha kwamba mbwa waliofundishwa waliweza kutofautisha harufu ya mtu aliyeshikwa na harufu yake ya wakati mwingine.

Sasa, aliyeokoka akitegemea mbwa, au dawa, amekosa imani? Soma 1 Wafalme 17. Eliya alilishwa na kunguru. Hakuwafukuza eti anamngoja Mungu mwenyewe. Alikula. Na pua ya mbwa aliiumba nani? Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 50 wana kifafa, na hadi asilimia 70 wangeishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Basi ukimwambia ndugu atupe dawa "kwa imani", unamjaribu Mungu kwa kichwa cha mwenzako.

Lakini swali gumu ni letu. Mtu akianguka ibadani, benchi lote linabaki wazi. Tunaogopa povu, na kifafa hakiambukizi! Wengine wanaanza kukemea kabla hata ya kuondoa kiti kilicho karibu na kichwa chake. Katika Marko 9 tunakumbuka sana Yesu alivyokemea. Tunasahau kwamba kwanza alimwuliza baba hali hiyo ilianza lini, na mwishowe akamshika kijana mkono akamwinua.

Utasema, mbwa habagui kwa sababu haelewi. Kweli, lakini mbwa huyo alifundishwa kubaki. Sisi nasi tulifundishwa kukimbia, tangu utotoni. Aliyefundishwa kukimbia anaweza kufundishwa kubaki.

Tuanze Jumapili hii. Ondoa vitu vigumu. Weka sweta chini ya kichwa. Mlaze kwa ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize. Tazama saa: dakika 5 zikipita hajatulia, mkimbize hospitali. Na uombe, ndiyo, lakini omba ukiwa umepiga magoti hapo kando yake.

Akizinduka, jambo la kwanza asikie ni jina lake, likiitwa na mtu ambaye hakukimbia.

Amina.