Handaki la Saldae

Mji wa Saldae, leo Béjaïa nchini Algeria, ulikuwa na bahari mlangoni na kiu ndani. Katika karne ya 2 Warumi waliamua kuuletea maji ya chemchemi ya Toudja, mwendo wa kilometa zipatazo 21. Penye bonde yangepita juu ya nguzo za mawe. Mlima ukiziba njia, utobolewe.

Mstari aliupima Nonius Datus, mpimaji wa jeshi la Kirumi. Alipigilia vigingi juu ya mlima kuonyesha njia itakayofuatwa chini, akamkabidhi gavana michoro, akaondoka. Wachimbaji wakagawanywa makundi mawili, kila moja likaanzia upande wake ili yakutane katikati.

Hayakukutana. Ukijumlisha mashimo yote mawili, urefu ulikuwa umeshaupita upana wa mlima, na mbele yao bado ni mwamba. Watu wakakata tamaa, wakataka kuiacha kazi.

Gavana akaomba Datus, ambaye sasa alikuwa amestaafu, arudishwe. Njiani majambazi walimvamia, akaponyoka uchi na majeraha mwilini. Alipofika akapima tena, akaona kosa: kila kundi lilikuwa limepinda kwenda kulia kwake. Simama uso kwa uso na mwenzako, kisha kila mmoja aje mbele huku akielemea kulia. Mtapishana, na kila mmoja ataapa kwamba alinyoosha.

Linaloniuma ni kwamba vigingi vilikuwepo. Gizani, upogo wa unyayo mmoja hauonekani. Huonekana ukilinganishwa na alama iliyoko nje, juani. Fundi mwashi anayejua kazi hushusha timazi kila kozi ya tofali, hangoji ukuta ufike kwenye linta. Pale Saldae walichimba kwa bidii, na bidii hiyohiyo ndiyo iliyozidi kuwatenganisha.

Datus aligawa kazi upya, akawashindanisha wanamaji na askari wa milimani, kila kikosi upande wake, hadi wakakutana. Handaki lile lina urefu wa mita 428. Habari zake aliziacha zimechongwa kwenye jiwe katika mji wa Lambaesis, pamoja na barua ya kumwita, na juu yake nyuso tatu za wanawake: Subira, Ushupavu na Tumaini.