Uhuru wa Chumo na Uhuru wa Kalamu

Mtu asimamapo alfajiri Kivukoni, pale Feri wateremshapo samaki, huona kwa macho jambo ambalo wenye elimu hulitaabikia vitabuni. Wavuvi wawili hufika na mashua zao, na samaki wao ni sawa kwa uzani na ubichi. Mmoja ana nyavu zake mwenyewe. Humkabidhi dalali, dalali akanadi, na bei isipomridhi huinua kapu lake akaenda zake. Wa pili nyavu na mafuta ya mashine amekopeshwa na tajiri, na samaki wake huwa wamekwisha kuwa na mwenyewe kabla hawajavuliwa. Hapana askari aliyemkataza kudai bei njema, wala hapana sheria iliyomfunga ulimi. Lakini aulizwapo mbele ya watu kama tajiri yule anamdhulumu, hujibu kwamba tajiri ni mtu mwema sana.

Jibu hilo ndilo mas'ala ya waraka huu. Wako wasemao kuwa uhuru wa mtu kuchuma riziki yake ni jambo la soko, na uhuru wa kuandika na kupiga chapa ni jambo la siasa, na kwamba nchi yaweza kuwa na huu bila ya ule. Mvuvi wa pili hawezi kuafikiana nao, ingawa hatathubutu kusema hivyo.

Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani hii, walilitazama jambo hili katika mlango wa ushahidi. Hawakutosheka na shahidi kuwa mwadilifu. Mtu asiyejulikana kwa uongo maisha yake yote, ushahidi wake hurudishwa iwapo kwa maneno yale anajivutia manufaa au anajiondolea madhara. Baba hakubaliwi kumshuhudia mwanawe kwa faida yake. Haikusemwa kwamba baba ni mwongo. Ilisemwa tu kwamba moyo wake umefungwa mahali. Na kadhi vile vile alikatazwa kupokea zawadi za wenye kesi, na kwa hiyo ikapasa riziki yake itoke katika Baitulmali, ili asiwe na haja na yeyote katika wawili wasimamao mbele yake.

Basi gazeti ni nini illa shahidi anayesimama kila siku mbele ya watu wote? Ikiwa shahidi wa shamba la minazi huulizwa nani anamlisha, shahidi wa mambo ya nchi nzima apasa kuulizwa mara mbili.

Na jambo hili lina upande wa pili, ambao watu huusahau. Sheria ilikataza kuwaendea wenye misafara njiani na kununua mali yao kabla hawajafika mjini wakajua bei ya soko. Na Mashafii wakampa muuzaji aliyepunjwa hiari ya kuivunja biashara ile akiisha kujua. Msomaji na atazame illa yake. Mwenye msafara hakulazimishwa kwa upanga. Aliuza kwa hiari yake, ila hiari yake haikuwa na habari, na hiari isiyo na habari ilionekana kuwa ina kasoro. Kwa hiyo biashara huru huihitaji habari kama vile habari huru inavyohitaji riziki, na aizuiaye moja ameigusa nyingine.

Katika Dar es Salaam mambo haya mawili yalikutana katika mtu mmoja, Erica Fiah. Huyu alikuwa Muganda, Mkristo, mwenye duka mjini; na kutofautiana naye kwa dini hakumzuii mwenye insafu kumpa haki yake. Mwaka 1934 alianzisha chama cha Waafrika cha kusaidiana na kufanya biashara, na mwaka 1937 akatoa gazeti la Kwetu, la kwanza katika Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Inafaa kutazama mfuatano huo. Alianza kwa duka, akaja kwenye chama cha wenye biashara, kisha gazeti. Hakuanza kwa kalamu.

Naye alikuwa na sababu. Zama zile ilikuwako sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji: asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila ya idhini ya serikali kwa maandishi, hakuweza kulidai deni lake barazani. Waliotunga walisema ni kumkinga mwenyeji asizame katika madeni, na hapana shaka wako waliokingwa. Lakini mwenye duka dogo wa Kariakoo asiyekopesheka hawezi kujaza rafu zake, na asiyejaza rafu hawezi kulipa karatasi na wino. Hivyo sheria iliyoandikwa kwa ajili ya madeni ikawa, bila ya kulitaja gazeti hata mara moja, ni sheria ya magazeti. Hii ndiyo namna iliyo ngumu kupingwa, kwani haionekani.

Kwa upande wa pili lilikuwako Mambo Leo, lililotolewa na Idara ya Elimu tangu mwaka 1923. Si haki kulidharau. Watu wengi walilizoelea kusoma kwalo, na washairi wa pwani walipata humo uwanja wa kujibizana. Lakini karatasi yake, wino wake na mshahara wa mwenye kulihariri vilitoka katika hazina moja. Likisema habari za jembe na za afya laweza kusadikiwa; likisema habari za serikali, ni baba anamshuhudia mwanawe.

Kwetu lilidumu kwa taabu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Hapa huinuka mtu akasema: dawa basi ni kuwaachia wafanya biashara, na magazeti yatakuwa huru yenyewe. Neno hili lina ukweli nusu. Gazeti la Standard lilikuwa mali ya kampuni ya Lonrho ya Uingereza, na aliyedhani lingeandika kinyume cha matajiri wa mashamba ya mkonge alikuwa na dhana njema kupita kiasi. Serikali ililitaifisha tarehe 5 Februari 1970, miaka mitatu kamili baada ya Azimio la Arusha. Rais Nyerere akawa mhariri mkuu yeye mwenyewe na akaahidi kwamba litaweza kukosoa; na uhariri akapewa Frene Ginwala, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge la Afrika Kusini mwaka 1994. Mwaka 1971 gazeti likaishutumu serikali ya Numeiry wa Sudan kwa kuwaua wapinzani wake, na Ginwala akaondolewa. Kalamu ilikuwa imebadili mwenyewe tu, kamba ilibaki.

Hata baada ya magazeti ya watu binafsi kuwa mengi, kamba haikukatika, ila imekuwa nyembamba zaidi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliweka leseni kwa magazeti, na ikampa Mkurugenzi wa Idara ya Habari kazi ya kuratibu matangazo ya serikali. Leseni watu waliipigia kelele, na yalikuwako magazeti manne yaliyofungiwa ambayo yalirudishiwa leseni zao mwezi wa Februari 2022. Ile ya matangazo haikupigiwa kelele nyingi hivyo, nayo pengine ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi. Gazeti lililofungiwa hujulikana na kila mtu kuwa limefungiwa. Lililonyimwa matangazo hupunguza kurasa, kisha hupunguza waandishi, kisha hupunguza maneno, na watu husema tu kwamba siku hizi halina ladha. Marekebisho ya mwaka 2023 yaliiondoa kazi hiyo katika sheria. Ni kheri. Lakini mtangazaji mkubwa, awe wizara au awe mwenye kiwanda, angali na hiari ya kumpa amtakaye, na hiari hiyo haiandikwi katika kifungu chochote.

Wabaki wale wasiotajwa kamwe katika mashauri haya, nao ni wasomaji. Shahidi asiyelishwa na mwenye kesi apasa kulishwa na mtu, na Baitulmali ya gazeti ni shilingi chache za kila anayelisoma. Desturi ya baraza inajulikana: mmoja hununua, mmoja husoma kwa sauti, na kumi na tano husikiliza hadi adhana ya Alasiri, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa alichokilipia. Mwenye kahawa hapunjwi. Mwezi ukiisha, gazeti likifika na sifa za tajiri mmoja ukurasa mzima, wale wale kumi na tano hutazamana, wakaulizana ni nani aliyemnunua mwandishi.