Nyumba ya wakfu ni amana, tusiiache ianguke

Shukrani zote anastahiki Allah (SW). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ndugu zangu Waislamu, Jumapili moja nilipita uchochoroni Mji Mkongwe, Unguja, nikawakuta vijana wakishusha kifusi kwa ndoo kutoka ghorofani katika nyumba kongwe ya wakfu. Hawakuwa wakilipwa. Mmoja, mwanafunzi wangu, akaniomba nichangie mifuko miwili ya chokaa. Nikamjibu kama wengi wetu tunavyojibu: "Umma una matatizo chungu nzima, nyie mnahangaika na magofu?"

Akaniuliza kwa adabu: "Maalim, juzuu Amma uliisomea wapi?"

Nilinyamaza. Niliisomea katika ukumbi wa chini wa nyumba ile ile.

Tukumbuke wakfu ni nini. Sayyidna Umar (RA) alipopata ardhi Khaybar, Mtume (SAW) alimuelekeza azuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Wazee wetu waliotoa nyumba zao wakfu walifuata njia hiyo, wakitaraji sadaka yenye kuendelea baada ya kufa. Nyumba ikianguka, madrasa hukosa pa kukaa na msikiti hukosa kodi. Je, ni haki thawabu za maiti zikatike kwa uzembe wa walio hai?

Tumekwishaonywa. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la Sayyid Barghash la mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini orodha haizibi tundu la paa.

Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti. Mlizamu ukiziba, maji hunywewa na ukuta, boriti zikaoza, sakafu ikashuka. Ukipiga lipu ya saruji, unyevu hufungika ndani na ukuta huzidi kuoza. Kwa hiyo kijana anayezibua mlizamu kabla ya masika anafanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani.

Wapo wanaochelea kwamba tunatukuza majengo. Hofu hiyo si ya kudharau, kwani sisi hatuabudu mawe. Lakini kutunza amana si kuitukuza. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 58, Allah (SW) anatuamrisha kuzifikisha amana kwa wanaozistahiki. Maskini, mwanafunzi na msikiti ndio wanaostahiki hapa.

Basi maimamu na wawatangaze vijana hawa baada ya sala ya Ijumaa. Fundi wa chokaa awafundishe. Mwenye mali achangie. Mpangaji alipe kodi ya wakfu kwa wakati. Nao vijana wasiguse ukuta kabla ya kupata kibali cha Kamisheni ya Wakfu na mamlaka ya Mji Mkongwe, maana nia njema bila ujuzi yaweza kuua.

Mimi nilirudi Jumapili iliyofuata na mifuko yangu miwili, nikapewa na ndoo. Namuomba Allah (SW) anisamehe neno lile la magofu.

Wabillahi tawfiq.