Kiungo Kinachodharauliwa

Somo: 1 Wakorintho 12:14–26



Nilipotoka Chuo cha Ualimu mwaka 1981 nilipewa Darasa la Kwanza. Ilikuwa miaka michache tu baada ya mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote wa mwaka 1977, na watoto walijaa hata sakafuni. Ofisini walimu wenzangu waliniita "mwalimu wa vidudu". Katika vikao, nikinyosha mkono, wengine walianza mazungumzo yao. Walioheshimiwa ni wa Darasa la Saba, kwa sababu ya mtihani.

Nakiri mbele yenu kwamba niliona uchungu, nikaanza kufundisha kwa uvivu. Lakini siku moja mtoto mmoja alisoma peke yake neno "baba" ubaoni, akageuka kunitazama kwa furaha. Niliona aibu. Mtoto yule hakujua habari za vyeo vya ofisini. Alitaka kusoma tu.

Tangu siku ile niliandaa masomo yangu, nikakata maboksi kutengeneza kadi za silabi, nikaandika daftarini kila mtoto amefika wapi. Mwaka uliofuata mwalimu mmoja wa Darasa la Saba, aliyezoea kunitania kuliko wote, alinijia faraghani. Alikuwa na wanafunzi wasiojua kusoma vema, na mtihani umekaribia. Ningaliweza kumrudishia dhihaka zake. Nilimpa kadi zangu, tukakaa na watoto wale kila jioni. Katika kikao kilichofuata ndiye aliyesema, "Tumsikilize kwanza mwalimu wa Darasa la Kwanza."

Mtume Paulo atufundisha kwamba viungo tunavyoviona vinyonge ndivyo mwili usivyoweza kuvikosa. Kiungo kisijitenge kwa hasira, bali kifanye kazi yake. Na vingine visijidai kwamba havikihitaji.

Basi wewe unayefagia kanisa, unayepika shuleni, unayelinda lango usiku, usingoje sifa ndipo ufanye vema. Nawe mwenye cheo, je, unalijua jina la anayefagia ofisi yako? Kabla hujaikaribia Meza ya Bwana Jumapili ijayo, mwendee, umshukuru.

Mungu atupe macho ya kuonana. Amina.