Mlango wa Gereza na Milango Yetu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Amma baad:

Ndugu zetu Waislamu, Sura ya Yusuf yatusimulia habari za Nabii aliyetiwa gerezani bila ya kosa, wakaingia pamoja naye vijana wawili. Walipomwendea na jambo lao hakuwafukuza, aliwasikiliza, akawafundisha. Basi kuwanasihi wafungwa ni kazi iliyofanywa na Mtume, na aifanyaye leo si mtu wa kudharauliwa.

Mnasihi wa gerezani humpokea kijana aliyetekwa na unga, naye yumo katika arosto: mwili wamuuma, atapika, usingizi hauji. Shida hiyo huanza kabla ya siku kutimia tangu alipotumia mara ya mwisho, na ukali wake hupungua baada ya siku chache. Wengi wetu hudhani kuwa hapo ameshapona. Sivyo. Maumivu huondoka, hamu ikabaki moyoni. Ndipo mnasihi huketi naye, akamsaidia atambue mwenyewe ni lipi limrudishalo katika unga, kama ni rafiki, mahali, deni au huzuni, na atafanya nini litakapomjia tena. Kazi hiyo ni ya miezi, wala haifanyiki kwa matusi. Hata ulevi haukuharimishwa kwa mara moja. Qur'ani ilikwenda hatua kwa hatua, katika Al-Baqara, kisha An-Nisaa, kisha Al-Maida.

Lakini hatari kubwa zaidi ni siku ya kutoka. Mwili uliokaa muda bila ya unga hauuhimili tena, na kipimo alichokizoea zamani chaweza kumkata pumzi akafa. Wataalamu wa Marekani waliochunguza habari za watu zaidi ya 30,000 waliotoka magerezani katika jimbo la Washington walieleza mwaka 2007 kuwa, katika wiki mbili za mwanzo, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha madawa ilikuwa mara 129 kuliko ya watu wengine.

Basi tuulizane: kijana huyo akitoka, nani ampokeaye? Baba amefunga mlango, jirani amwita teja, na msikitini watu wamwepuka katika safu. Amkaribishaye ni muuza unga peke yake. Kazi ya mwaka mzima twaibomoa kwa siku moja!

Hatusemi kuwa mwizi asiadhibiwe, wala kuwa mama aliyeuziwa sufuria zake asiumie. Lakini Bukhari amepokea kuwa mlevi mmoja aliadhibiwa mbele ya Mtume (S.A.W.), kisha mtu akamwombea fedheha; Mtume akawakataza wasimsaidie shetani juu ya ndugu yao. Adhabu ilikuwa imekwisha, na la kuzidisha halikuwa haki yao.

Kwa hivyo yatupasa tumzuru angali ndani, tumuulize mnasihi siku ya kutoka, tumngojee mlangoni, na tusimwache arudi kwenye maskani ya zamani. Tena tumpeleke kwenye matibabu. Malindi na Mombasa vilifunguliwa vituo vya methadoni mwaka 2015. Nayo ni dawa itolewayo kwa kipimo ili kuzuia arosto, si kwa kutafuta starehe.

Ewe Mola, waponye vijana wetu, uwape subira wanaowanasihi, na usitujaalie kuwa wasaidizi wa shetani. Amin.