Nani Anapumzika Familia Ikisafiri?



Wapendwa wanandoa, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia mambo mazito: uaminifu, malezi, wakwe, ugomvi wa fedha. Safari hii tunataka kuzungumzia jambo linaloonekana dogo, lakini ambalo limewarudisha wanandoa wengi nyumbani wakiwa hawasemezani. Nalo ni safari ya mapumziko ya siku mbili mjini, pamoja na watoto wadogo.

Huenda mtauliza: Je, hilo nalo ni suala la maadili? Si ni habari ya nauli na mahali pa kulala tu? Sisi tunasema ni suala la maadili kabisa, kwa kuwa ndani yake limo swali la haki. Familia inaposema, "Tunakwenda kupumzika," ni nani hasa anayepumzika, na ni nani anayelipia mapumziko hayo kwa jasho lake?

Safari moja, hesabu mbili

Tuchukue mfano wa wanandoa wanaoishi Mpeketoni, katika Kaunti ya Lamu. Mume ni mwalimu, mke anauza nguo sokoni. Wana watoto watatu: wa kwanza ana miaka 6, wa pili miaka 3, na kitinda mimba ana miezi 8. Shule zimefungwa. Mume anasema, "Mama Wanjiru, Ijumaa hii twende Lamu mjini tukapumzike hadi Jumapili." Mke anafurahi. Ni wazo jema, na si waume wote wanaolifikiria.

Tangu saa ile mume anahesabu siku, na mke anahesabu vitu. Nepi za siku tatu. Unga wa uji. Dawa ya homa. Nguo za kubadilisha iwapo mtoto atatapika ndani ya matatu. Kofia za jua kwa ajili ya boti. Ijumaa wanafika Mokowe, wanashuka na kupanda boti ya kuvuka kwenda kisiwani. Mume anawaonyesha watoto majahazi. Mke anamnyonyesha mmoja na huku amemshika mwingine nguo asiegemee ukingoni. Wakishafika mjini, mume anakutana na mwalimu mwenzake, nao wanakaa Mkunguni, mbele ya ngome, wakinywa kahawa. Mke yuko ghorofani, katika nyumba ya kale yenye ngazi ndefu na nyembamba, akimzuia mtoto wa miaka 3 asiteremke peke yake.

Jumamosi jioni mume anauliza, "Mbona umenuna? Si nimewaleta mpumzike?" Naye mke anajibu, "Baba Wanjiru, mimi nimebadilisha nyumba tu. Kazi ni ile ile, na hapa hata jiko langu sina."

Mume huyu si mtu mbaya. Ametoa fedha zake, tena kwa moyo. Alichokosea ni kudhani kwamba mapumziko ni mahali. Mapumziko ni kutuliwa mzigo. Mtu asipotuliwa mzigo, hata ukimpeleka pwani ya Shela yenye mchanga mweupe, atausimamisha mzigo wake pale pale mchangani na kuendelea kuulinda. Tena mzigo mzito zaidi hauonekani kwa macho. Ni ule wa kukumbuka: nani hajala, nani hajalala, dawa iko mfuko gani. Anayekumbuka kwa niaba ya wote hapumziki hata akiwa ameketi.

Amri ile ilitolewa kwa nani?

Sisi Wakristo hatuwezi kusema kwamba mapumziko ni anasa ya matajiri. Ni amri ya Mungu. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, Mungu anawaagiza Waisraeli kuishika siku ya Sabato, na anawataja wote wanaopaswa kupumzika: mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni aliyemo ndani ya malango yao. Sababu imetolewa pia: wao wenyewe walikuwa watumwa kule Misri. Maana yake ni kwamba aliyeonja uchungu wa kazi isiyo na mwisho asimfanyie mwenzake vivyo hivyo.

Punda ametajwa! Watu wa Lamu wanaelewa uzito wa neno hilo. Katika vichochoro vya mji ule magari hayapiti, na tangu zamani punda ndiye aliyebeba mawe, mchanga, saruji na magunia. Mwaka 1987 hata hospitali ya punda ilianzishwa mjini humo, kwa sababu watu walitambua kwamba mnyama anayewabebea mizigo naye anastahili kuhurumiwa.

Lakini someni orodha ile tena kwa makini. Mke hakutajwa. Je, Mungu alimsahau? Amkumbuke punda, amsahau mama wa nyumba? Hasha! Liko jibu ambalo wasomaji wengi wa Maandiko wamelitoa, nasi tunaliona la kweli. Wale waliotajwa ni wale ambao wenye nyumba wanapaswa kuwapa nafasi ya kupumzika. Mke hayumo kati yao kwa sababu yeye ni mmoja wa wenye nyumba. Neno "wewe" lililo mwanzoni mwa amri linawaambia mume na mke kwa pamoja, maana hao wawili ni mwili mmoja. Kwa hiyo mapumziko ya mke si zawadi kutoka kwa mumewe. Ni haki aliyopewa na Mungu siku ile ile mumewe alipopewa ya kwake.

Kanisa limeendelea kufundisha hivyo. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alitetea haki ya wafanyakazi kupumzika siku ya Jumapili. Papa Yohane Paulo II aliandika juu ya Siku ya Bwana katika waraka wake Dies Domini wa mwaka 1998. Nayo Sheria ya Kanisa, kanoni ya 1247, inataka Jumapili iwe siku ya ibada, ya furaha, na ya kupumzisha akili na mwili. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba akina mama wa watoto wadogo wameondolewa.

Wengine watabisha

Mume mmoja atasema, "Juma zima mimi nimetafuta riziki. Je, sina haki ya kukaa kimya siku mbili?" Unayo, ndugu. Uchovu wako ni wa kweli. Lakini dawa ya uchovu wako isiwe uchovu wa mwenzako. Ikiwa mapumziko yako hayawezekani bila yeye kufanya kazi mara mbili, hapo hujapumzika, umemhamishia mzigo wako.

Mwingine atasema, "Mtoto ananyonya, nami sina maziwa. Nifanye nini?" Ni kweli kwamba kunyonyesha hakugawanyiki. Lakini kuoga watoto kunagawanyika. Kufua nepi kunagawanyika. Kuamka saa kumi na moja alfajiri mtoto anapoamshwa na adhana, ukambeba hadi ufukoni kutazama wavuvi huku mama yake akilala saa moja zaidi, hilo linawezekana kabisa. Saa hiyo moja anaweza kuikumbuka kuliko chakula cha hoteli.

Nao akina mama tuwaambie neno. Wapo ambao mzigo umekuwa enzi yao. Mume akifunga nepi, inafunguliwa ifungwe upya. Akimlisha mtoto, anaambiwa kijiko kimejaa mno. Mwisho anaacha, kisha analaumiwa kwa kuacha. Dada, ukitaka kutuliwa mzigo, uachilie. Kubali kwamba siku mbili watoto watavaa nguo zisizolingana rangi.

Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote ni hii: "Upendo hauhesabu. Mkianza kupimiana nani amefanya nini, ndoa imekuwa duka." Kuna ukweli hapo. Mwenye kupenda hahesabu anachotoa yeye mwenyewe. Hata hivyo hoja hii mara nyingi hutolewa na yule anayepokea. Ni jambo moja mimi kusema sihesabu nilichokubebea. Ni jambo jingine kabisa kukuambia wewe usihesabu ulichonibebea. Upendo wa kweli haujihesabii, lakini unaujua uzito ulio kichwani mwa mwenzake. Asiyejua uzito huo atamtuaje?

Mpango ndio mahali pa haki

Haki ya safari haitengenezwi mkiwa njiani, wakati mtoto analia na jua ni kali. Inatengenezwa mezani, siku kadhaa kabla. Ketini wote wawili na karatasi. Andikeni kila kazi, hata ile ndogo, na mbele yake jina la mmoja wenu. Ukiandikiwa dawa, ni wewe unayezinunua, unayezibeba na unayekumbuka saa ya kuzitoa. Usimwulize mwenzako, "Dawa ziko wapi?"

Kisha punguzeni. Wazazi wengi hutaka kuona kila kitu kwa kuwa wamelipa nauli. Watoto wadogo hawajui thamani ya nauli. Jambo moja asubuhi na jingine jioni linatosha. Asubuhi tembeleeni ngome au jumba la makumbusho kabla ya jua kuwa kali. Mchana laleni wote. Jioni kaeni ufukoni mtazame mashua zikirudi, lakini mmoja wenu, aliyetajwa kwa jina, amshike mtoto mkono, maana ukingo wa gati hausubiri mzazi amalize mazungumzo. Mkitaka kwenda Shela, pandeni boti. Kilomita tatu juani ni nyingi kwa miguu ya miaka 3. Ulizieni hali ya bahari, hasa wakati wa kusi, na msipande chombo ambacho watoto hawapewi jaketi za kuokolea maisha.

Kumbukeni pia kwamba mnakwenda kuwa wageni. Lamu ni mji wa Waislamu, wenye heshima na ustaarabu wake, nao mji wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Vaeni kwa stara. Wakati wa Maulidi mji hufurika, na vyumba huwa shida kupatikana. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, kwa hiyo bebeni chakula cha watoto na wale faraghani. Na kwa kuwa Misa haiachwi kwa sababu ya matembezi, ulizeni saa zake parokiani kwenu kabla ya kuondoka.

Hata Familia Takatifu ilisafiri kwenda mjini. Mtakatifu Luka anatusimulia, katika sura ya 2, jinsi Maria na Yosefu walivyokwenda Yerusalemu pamoja na Yesu aliyekuwa na miaka 12, na jinsi walivyotembea siku nzima wakirudi, wakidhani kwamba mtoto yumo msafarani pamoja na ndugu. Wazazi watakatifu, safari ya ibada, na bado mtoto hakuwapo! Neno "nilidhani" ni hatari katika kila safari. Lakini tazameni walivyofanya. Hatusomi kwamba mmoja alimlaumu mwenzake. Walirudi pamoja, wakamtafuta pamoja. Na walipompata, Maria alizungumza kwa niaba ya wote wawili, akimtaja Yosefu kabla ya kujitaja mwenyewe. Uchungu ulikuwa wao wote.

Mzigo usishukie walio chini

Jambo la mwisho. Wapo wanandoa wanaomaliza ugomvi huu kwa kumchukua yaya safarini. Si vibaya. Lakini je, mmemwuliza kama anataka? Jumapili yake iko wapi? Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na amri ya Mungu ilimtaja mjakazi kabla ya sheria hiyo kwa karne nyingi. Kama mnamchukua, naye apate saa zake za kutembea, apande boti kama abiria na siyo kama mlinzi wa watoto tu, na akirudi apewe siku yake.

Vivyo hivyo msipumzike kwa mkopo wa simu. Mapumziko yaliyokopwa huja kulipwa na mwisho wa mwezi, na mara nyingi hulipwa na chakula cha watoto wale wale mliowapeleka. Kama fedha hazitoshi kulala, nendeni asubuhi mrudi jioni. Yesu alipowaona mitume wake wamechoka, aliwaita waende naye kando wapumzike kidogo. Aliwapeleka mahali pa faragha tu, na alikwenda pamoja nao.

Maswali ya kuzungumzia wawili

1. Katika safari yetu ya mwisho, ni nani alipumzika zaidi? Kila mmoja ajibu kwanza kwa kuandika, kisha tusomeane.

2. Ni kazi gani ambayo mwenzangu huifanya bila mimi kuiona?

3. Ni kazi gani ninayokataa kuiachilia, na kwa nini?

4. Je, yupo mtu nyumbani kwetu ambaye hana siku ya kupumzika?

Mungu aliyepumzika siku ya saba awajalie ninyi na watoto wenu safari njema, na awarudishe nyumbani mkiwa bado mnasemezana.